Maboksi mawili ya kanda na gunia la CD: kuna anayetunza filamu mkononi bado, au wote tumehamia kwenye bando?

Chogo21 (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mwezi uliopita nilikuwa Tanga, tunagawana vitu vya marehemu mzee. Ndugu walichukua cherehani, baiskeli na redio ya mbao. Nikabaki na kitu ambacho hakuna aliyekigombea: maboksi mawili ya kanda za video na gunia la sandarusi lililojaa CD. Dada yangu mkubwa akacheka: "Hizo unazipeleka wapi, na zote ziko kwenye simu?" Pale pale sikuwa na jibu.

Mzee alikuwa na laibrari ya kanda Ngamiani. Chumba kimoja cha mbele, rafu za mbao mpaka darini. Unaandikwa jina kwenye daftari, unalipa, kesho kabla ya magharibi kanda iwe imerudi. Ukiileta haijarudishwa mwanzo unapigwa faini, maana kurudisha kanda kunachosha deki. Zile za wakorofi nilikuwa nazirudisha mimi. Nimekulia na ule mlio wa vuuuu, halafu kanda ikifika mwanzo inagonga: ta!

Baadaye zikaja VCD, yaani CD za filamu. Kanda ya E-180 ilikuwa inabeba saa tatu, filamu ya Kihindi inaingia yote na nyimbo zake. VCD inabeba dakika 74, ikizidi sana 80. Filamu ileile ikawa CD tatu, na mteja anakurudishia mbili anakwambia ya tatu iko kwa shemeji. Mzee aliwachukia mashemeji wa Tanga nzima. Halafu zikaingia DVD za Kichina, filamu kumi na mbili kwenye sahani moja, halafu vijana wa kujaza muvi kwenye flashi. Akafunga, chumba akampangisha kinyozi.

Mimi mwenyewe si mtu wa CD. Nalipia mitandao miwili ya filamu, naangalia kwenye simu nikiwa kitandani kama watu wote. Sasa wiki ileile niliyorudi Dar, nikawa katikati ya filamu, usingizi ukanichukua, nikazima. Siku mbili baadaye narudi kumalizia, haipo. Hakuna maelezo, hakuna samahani, na mwezi nimeshaulipia. Nilijisikia kama mpangaji aliyerudi kutoka kazini akakuta kitasa kimebadilishwa.

Ndipo nikashusha maboksi. Nikaandika orodha: kanda 46, CD 131. Nikakaa na simu natafuta moja baada ya nyingine kwenye ile mitandao yangu miwili. Za Kimarekani nyingi nimezikuta, za Kihindi kiasi. Lakini kuna fungu la tatu. Kanda tisa za filamu za Kichina na Kihindi zilizotafsiriwa na Lufufu, yule aliyekuwa anasimulia kwa Kiswahili juu ya picha. Filamu za Bongo za 2003 mpaka 2008, zile za kava lenye sura sita na bastola moja. Taarabu zilizorekodiwa ukumbini. Kwenye fungu hilo nimepata sifuri. YouTube kuna vipande viwili vitatu, picha kama imepigwa kupitia chandarua.

Nikiwasoma wenzetu wa Ulaya na Marekani, ugomvi wao ni kwamba diski inaonyesha vizuri kuliko mtandao. Sawa, lakini filamu yao iko pote pawili, wanachagua. Mimi nina gunia la vitu ambavyo pengine havipo pa pili.

Sasa naomba kujua: nani bado anatunza, na anatunzaje? Na hizi nizihamishe vipi? Kanda tatu zina unga mweupe ndani. Deki ya mzee ilishakufa, ukiiwasha inatoa harufu tu.

Nawasilisha.

Kiti cha Mbele

Nimeweka kiti. Ngoja waje wajuzi.

Mzee wa Rimoti

Pole kwa msiba mkuu. Lakini tuambizane ukweli.

Nyumba yangu vyumba viwili na watoto wanne. Nikileta gunia la CD, mmoja wetu anatoka, mimi au gunia. Laptopu niliyonunua haina hata tundu la kuingizia CD. Na mimi filamu ni kama gazeti: nikishasoma, nafungia maandazi. Ni filamu gani hiyo unataka uirudie mara kumi?

Halafu hao Netflix walianza kwa kutuma DVD kwa posta, mwaka 1998. Tarehe 29 Septemba 2023 wametuma ya mwisho, wakawaambia wateja kaeni nazo tu, msirudishe. Ikiwa aliyetajirika kwa diski ameziacha hivyo, wewe wa Tanga unang'ang'ania nini?

Gawa kwa watoto watengenezee magari.

Mswahili wa Leicester

Mzee wa Rimoti, umekaza mno.

Niko Uingereza mwaka wa kumi na nne. Hapa maduka ya hisani yanauza DVD pauni moja, pengine chini ya hapo, watu wanazimwaga kama maganda ya ndizi. Mimi nakusanya. Nina rafu mbili, mke wangu ameninyima ya tatu.

Suala la picha si maringo. Blu-ray ya kawaida ina GB 25 au 50, na picha yake inaweza kushuka kwa kasi ya hadi Mbps 40 (megabiti kwa sekunde). Diski ya 4K, ile ya picha kali zaidi, inaweza kuvuka 100. Netflix kwa hiyo hiyo 4K inakuomba intaneti ya Mbps 15. Mengine yote yamebanwa na kukatwa ili yapite kwenye waya. Tofauti usiitafute mchana, itafute usiku: mtu anatembea gizani, kwenye mtandao ukuta mweusi unakatika vipande vya mraba, moshi unapanda kama ngazi. Kwenye diski moshi ni moshi.

Lakini kilichonihamisha ni kingine. Desemba 2023 Sony iliwaandikia watu walionunua vipindi vya Discovery kwenye PlayStation kwamba mwisho wa mwezi vitatoweka kwenye akaunti zao. Narudia, walivinunua, hawakukodi. Kelele zikapigwa, kampuni ikarudi nyuma, lakini watu walishaona. California wakatunga sheria, imeanza Januari 2025: duka la kidijitali haliruhusiwi kukuandikia "nunua" bila kukueleza wazi kuwa unachopata ni leseni tu.

Kwa wanaoagiza huku: diski zimefungiwa kwa maeneo ya dunia. Blu-ray za Uingereza na za Afrika ziko eneo moja, B, zinacheza. DVD ndizo zina ugomvi, huku ni eneo la 2 na Tanzania ni la 5, ingawa deki nyingi za bei nafuu huko nyumbani hazichagui.

Mzee wa Rimoti

Mambo ya moshi ni ya wenye inchi 65. Mimi nina inchi 32 na mtoto amepasua kona. Kwangu moshi ni moshi pote.

Binti Chumbageni

Chogo21, kaka, umenikumbusha mbali mpaka nimeacha jiko.

Mama yangu alikuwa anauza mihogo na karanga ubavuni mwa kibanda umiza, kile cha kuonyeshea video kwa kiingilio. Wasichana ilikuwa hatuingii, ukiingia habari inafika nyumbani kabla yako. Kwa hiyo mimi filamu nilizijua kwa masikio. Nimekaa kwenye ndoo nimeegemea bati, ndani Lufufu anatafsiri, bati linatetemeka mgongoni. Yeye peke yake ni jambazi, ni polisi, ni mama mtu. Anakueleza kwa nini yule bwana amekasirika, anakueleza na desturi za kwao zilivyo, halafu anakupa methali. Mapigano yakianza wanaume wanapiga mbao kwa miguu, mimi namenya karanga nabuni picha kichwani.

Nimekuja kuiona moja ya zile filamu nikiwa chuo, kwa Kiingereza, picha safi kabisa. Nikakaa mpaka mwisho nasubiri aanze kuongea. Filamu imeisha, nikajihisi nimeangalia filamu bubu.

Kwa hiyo unaposema "iko mtandaoni", ipi hiyo? Niliyoisikia mimi haipo.

Jirani wa Likoni

Dada umeongea. Sisi huku Mombasa tulikuwa na DJ Afro, hali ni hiyo hiyo: mtu anapenda sauti kuliko sinema. DVD ilikuwa bob hamsini, ikikwama unarudi nayo dukani unabadilishiwa.

Kuhusu Netflix, ilifunguliwa huku Januari 2016 pamoja na nchi zaidi ya mia. Septemba 2021 wakawapa Wakenya wa Android mpango wa bure, nikafurahi sana. Novemba 2023 wakauondoa. Ukiwa mgeni mezani kwa mtu, sahani ikitolewa huulizi.

Na bando mnalihesabu? Wenyewe wanasema HD inakula mpaka GB 3 kwa saa. Filamu ya saa mbili ni GB 6. DVD niliyoinunua 2011 haijawahi kuniomba hata MB moja.

Fundi Hedi

Mleta uzi, nimeona umetaja unga mweupe, nikaruka maoni yote kuja huku.

HIZO TATU USIZIINGIZE KWENYE DEKI YOYOTE. Huo ni ukungu, Tanga na unyevu wake haishangazi. Ukizungusha kanda moja yenye ukungu unaipaka hedi (kichwa cha deki kinachosoma utepe), hedi inaipaka kanda inayofuata, jioni una kumi. Zitenge kwenye mfuko wake. Zilizobaki ziweke pakavu, zisimame wima kama vitabu, zisilale. Kazi ya kufungua kasha na kusafisha utepe ipo, lakini si ya kuanzia nayo.

Deki: kiwanda cha mwisho kilichokuwa kinatengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, kilisimama Julai 2016. Zote utakazoziona ni za zamani, na nyingi mipira imelegea. Ukipata moja, safisha hedi kwanza, kisha ijaribu kwa kanda usiyoijali. Ukianza na Lufufu, ikaitafuna, utalia. Kutoka kwenye deki unavuta waya wa njano, nyekundu na nyeupe kwenda kwenye kifaa kidogo cha USB cha kunasa picha, kinauzwa madukani ya kompyuta. Kanda ya saa tatu itachukua saa tatu, hakuna njia ya mkato.

CD ndiyo kazi rahisi na ndiyo watu wanaiharibu. VCD ukiiweka kwenye kompyuta fungua folda ya MPEGAV, utakuta faili inaitwa AVSEQ01.DAT. Inakili, ifungue kwa VLC, programu ya kuchezea video. Imekwisha. Za kwenye gunia zigeuze uziangalie chini: rangi ya fedha tupu imepigwa kiwandani, zambarau au kijani imechomwa kwenye kompyuta ya mtu. Hizo za kuchomwa zinakufa mapema, anza nazo.

Halafu watu wanaogopa mikwaruzo ya chini wakati mauti yako juu. Kwenye CD data imekaa upande wa lebo, imefunikwa na rangi na utando mwembamba tu. Aliyeandika jina la filamu juu kwa peni ya bic akakandamiza, ameshaitoboa. DVD ina nafuu, data iko katikati, plastiki pande zote mbili. Ikiwa chafu osha kwa maji na sabuni ya vyombo, futa kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Dawa ya meno iachie meno.

Mswahili wa Leicester

Nakazia hapo kwenye bic. Nimewahi kupoteza harusi ya dada yangu namna hiyo.

Mhariri Mstaafu

Nimesoma uzi wote kimya kimya, ngoja niseme ninachokijua.

Za Lufufu usitegemee utaziona kwenye mtandao wa kulipia hata siku moja. Mwenye filamu yuko Hong Kong au Mumbai, hakuombwa ruhusa. Sauti ni ya Dar. Hakuna kampuni itakayoweka saini juu ya kitu ambacho nusu yake haina mwenyewe mkatabani. Hao akina Lufufu na King Rich kazi yao inaishi kwenye kanda na CD za watu binafsi, basi.

Za Bongo ni habari nyingine, na inaniuma zaidi kwa sababu nilikuwa ndani. Mimi nilihariri filamu kuanzia 2005. Tulikuwa tunapiga kwa MiniDV, zile kanda ndogo za kamera. Kanda za MiniDV zilikuwa ghali kwetu, kwa hiyo filamu ikishahaririwa na kupelekwa kwa msambazaji, kanda zilezile tunarekodia filamu inayofuata. Kwenye kompyuta nayo diski ikijaa tunafuta mradi wa zamani. Hakuna aliyeona ni kosa. Prodyuza ameuza haki zote kwa fedha ya mkupuo, ameshalipa deni la gari na chakula cha wasanii, anawaza sehemu ya pili. Msambazaji anawaza kava.

Miaka hiyo soko lilikuwa moto. Filamu moja inakatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili mtu anunue mara mbili. Halafu 2012 Kanumba, nyota wetu mkubwa wa filamu, akatutoka, 2013 zikaja stempu za TRA, watu wa kodi, na wachomaji hawakusubiri stempu wala nini. Soko likalala, na ofisi zikafungwa na vitu vilivyokuwemo.

Nakwambia hivi mleta uzi: kati ya filamu nilizohariri kwa mkono wangu, nne sina nakala. Sina hata kava. Kwa hiyo hilo gunia lako usiliite gunia la CD. Kwa baadhi ya filamu, VCD iliyokwaruzwa ya laibrari ya Tanga inaweza kuwa ndiyo nakala mama.

Binti Chumbageni

Aisee.

Kiti cha Mbele

Kumbe tulikuwa tunarekodia juu yake. Kama daftari la shule.

Chogo21

Mhariri, shikamoo. Sijui kama unanizidi umri lakini shikamoo.

Nimeanza na CD kama Fundi Hedi alivyoelekeza. Jana usiku nimenakili 22. Kumi na tisa zimekubali, mbili zimegoma kabisa, moja inafika dakika ya 31 inagandaganda, kisha inaendelea kama hakijatokea kitu. Zile zilizogoma zote mbili zimeandikwa kwa bic, mwandiko wa mzee. Nimekaa nimeziangalia tu.

Orodha nitaiweka hapa kesho. Mwenye filamu yake aseme.

Mzee wa Rimoti

Mkuu naomba nikuulize kitu, na wengine msicheke.

Humo kwenye za Bongo kuna filamu ya 2006 hivi, kava jekundu, bwana mmoja tajiri wa Mbezi na mke wake na binti wa kazi? Jina nimekutumia inbox.

Chogo21

Nimeliona. Ngoja nichakure. Si ulisema nigawe kwa watoto?

Mzee wa Rimoti

Nilisema. Sasa sikiliza. Kwenye ile filamu mimi nilikuwa mlinzi. Walikuja kupiga nyumba ya jirani yetu, mlinzi wao hakutokea, wakanivalisha sare. Nafungua geti, gari inaingia, namwambia bosi "Karibu mzee," nafunga geti. Nililipwa elfu tano na soda. Nilinunua zile CD, nikamwazima mtu kazini. Sijaziona tena. Mama yangu alikuwa anawaita majirani waje kuniangalia nafungua geti. Wanangu hawaamini. Wanasema chai.

Jirani wa Likoni

Kumbe filamu ni gazeti na wewe ulikuwa ukurasa wa mbele.

Mhariri Mstaafu

Mzee wa Rimoti, kama ni hiyo ninayoifikiria, nimekukata mara mbili. Geti lilikuwa linalia, tukachukua ile ya tatu uliyolishika kwa mkono.

Mzee wa Rimoti

Ndiyo hiyo!!! Geti lilikuwa halina grisi!

Chogo21

Nimeipata. Kava jekundu limefifia limekuwa la waridi. Chini ni fedha, ya kiwandani, haijaandikwa na bic. Imenakilika yote bila kukwama. Nimeangalia mpaka mwisho, dakika 52, nikitafuta geti. Hakuna geti.

Iko CD ya kwanza tu. Ya pili haipo kwenye kasha.

Mhariri Mstaafu

Geti liko CD ya pili. Tajiri anarudi kutoka safari.

Chogo21

Subirini. Daftari la mzee ninalo, nililichukua pamoja na maboksi. Niko 2009.

Machi 14. CD mbili zilitoka, moja imewekewa alama ya vema, ya pili haina. Pembeni mzee ameandika: "Iko kwa shemeji yake fundi baiskeli." Amepigia mstari mara tatu.

Binti Chumbageni

Fundi baiskeli yupi? Yule aliyekuwa chini ya mkwaju, jirani na msikiti, au yule mrefu wa sokoni?

Chogo21

Hajaandika. Ila faini ameandika: inafika shilingi elfu mbili na mia tano, halafu ameacha kuhesabu.

Binti Chumbageni

Wa mkwajuni dada yake aliolewa Pongwe. Kesho asubuhi nampigia mama.